Kwa nini mpaka wa Permia na Triasi haukuwekwa kwenye tabaka la maangamizi lenyewe?

#1 Mwanafunzi_wa_Matabaka

Habari za humu, wakuu. Naomba kueleweshwa jambo moja ambalo limenisumbua tangu nilipoanza kusoma kuhusu maangamizi makubwa yaliyofunga kipindi cha Permia. Vitabu vingi vinaeleza kwamba maangamizi hayo ndiyo yanayoitenga Permia na Triasi, na mimi niliamini hivyo mpaka nilipofuatilia mahali rasmi palipochaguliwa kuuwakilisha mpaka huo, yaani ukuta wa miamba wa Meishan katika jimbo la Zhejiang, China. Pale maangamizi yanaonekana kwenye tabaka namba 25, lakini mpaka wenyewe umewekwa juu yake, ndani ya tabaka namba 27, kwa sababu ndipo kinapoonekana kwa mara ya kwanza kisukuku (mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe) kidogo kiitwacho Hindeodus parvus, kimojawapo cha visukuku vya meno viitwavyo konodonti.

Kwa macho ni sentimita chache tu. Hata hivyo, umri uliopimwa ni miaka milioni 251.941 kwa tabaka la 25 na milioni 251.902 kwa mpaka, na hapo kati imepita miaka takribani 39,000. Kwa hiyo viumbe walitoweka Permia ikiwa bado inaendelea, na Triasi ikaanza baadaye, juu ya sakafu ya bahari iliyokwisha kupoteza wakazi wake wengi.

Dai langu ni hili: ikiwa mipaka ya vipindi imo katika maumbile, basi huu umewekwa mahali pasipo pake, na ikiwa mipaka ni makubaliano ya watu, basi vitabu vinatupotosha vinapoichora kana kwamba dunia yenyewe ndiyo iliyoikata. Nani atanionyesha nilipokosea?

#2 Nyundo_na_Lenzi

Hujakosea mahali pengi, mkuu, ila umechanganya mambo mawili. Jambo lililotokea karibu na mpaka ni moja, na alama inayotumika kuutambua mpaka ni nyingine.

Utaratibu unaofuatwa ni kwamba mwanzo wa kipindi huwekwa kwenye nukta moja tu, katika ukuta mmoja wa miamba duniani kote, na nukta hiyo huitwa msumari wa dhahabu. Mwisho wa kipindi hauna msumari wake. Permia inakwisha pale Triasi inapoanzia, na kwa njia hiyo hapatokei pengo kati ya vipindi viwili wala kipande cha wakati kinachodaiwa na vyote viwili. Tume ya Kimataifa ya Stratigrafia (elimu ya matabaka ya miamba) hupiga kura, kisha Umoja wa Kimataifa wa Sayansi za Jiolojia huidhinisha. Msumari wa Meishan uliidhinishwa mwaka 2001. Wa kwanza kabisa, kama nakumbuka vizuri, ulikuwa wa mwanzo wa Kambria.

Sasa, mtu anayetafuta mahali pa kupigilia msumari hatafuti mahali palipotokea jambo kubwa kuliko mengine. Anatafuta mahali ambapo mwenzake aliye katika bara jingine, mbele ya miamba mingine kabisa, ataweza kuweka kidole na kusema: hapa ndipo. Maangamizi ni makubwa, sawa, lakini ukiwa mbele ya ukuta wa miamba usio na visukuku kwa mita kumi, utajuaje kwamba viumbe walikufa hapo, na si kwamba mazingira ya hapo hayakuhifadhi mifupa na magamba yao?

#3 Konodonti_27

Naunga mkono #2 na ninaongeza sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi. Mwaka 1982 wataalamu wa visukuku Signor na Lipps walionyesha kwamba kisukuku cha mwisho unachokiokota si cha mnyama wa mwisho aliyeishi. Spishi ikiwa adimu, kisukuku chake cha mwisho kitakuwa chini sana ya mahali ilipotoweka kweli. Matokeo yake ni kwamba maangamizi yaliyotokea ghafla huonekana mwambani kama kifo cha polepole, spishi moja baada ya nyingine, na kila ukuta wa miamba hukupa mfuatano tofauti. Ukiuweka mpaka kwenye maangamizi, unauweka kwenye kitu ambacho kila mtu atakiona kwenye sentimita yake.

Historia pia imechangia. Tangu mwanajiolojia Griesbach alipoandika kuhusu miamba ya Himalaya mwaka 1880, mwanzo wa Triasi ulitambuliwa kwa amonaiti (mnyama wa kale wa baharini mwenye gamba lililojiviringisha) aitwaye Otoceras. Shida ni kwamba amonaiti huyo hapatikani kila mahali, na kwa jinsi matabaka yalivyozidi kuchunguzwa ilidhihirika kwamba hakutokea kila sehemu kwa wakati mmoja. Hindeodus parvus ameenea zaidi, katika maji ya kina kirefu na kifupi. Ndiyo maana alichaguliwa.

#4 Msomaji_Kimya

Nimekuwa nikisoma tu humu bila kuchangia, ila leo naomba niulize. Hizo konodonti si ndizo meno ya minyoo? Na kama tuna mashine za kupima umri, kwa nini tuhangaike na minyoo? Tungepima kaboni kwenye kila tabaka, tukapata mwaka wake, tukachora mstari, mjadala ukaisha.

#5 Konodonti_27

Ndugu, karibu. Kwa zaidi ya karne moja meno yale yalijulikana bila mnyama wake, na wapo waliodhani ni ya minyoo. Mwaka 1983 alitangazwa mnyama mzima aliyehifadhiwa katika miamba ya Edinburgh, mwembamba kama mkunga, na wataalamu wengi sasa humhesabu katika ukoo wa wanyama wenye uti wa mgongo. Umri namwachia Zirikoni, najua hawezi kuupita uzi huu.

#6 Zirikoni

Sipiti. Kaboni haifai hapa hata kidogo, kwa sababu nusu ya kaboni-14 huisha kila baada ya miaka 5,730, na baada ya miaka 50,000 hivi hakuna kinachobaki cha kupimika kwa uhakika. Tunazungumzia miaka milioni 252. Saa inayofaa ni urani inayogeuka kuwa risasi (ile metali nzito): urani-238 hupungua kwa nusu katika miaka bilioni 4.47, na urani-235 katika miaka milioni 704, kwa hiyo ndani ya chembe moja mna saa mbili zinazochunguzana.

Chembe yenyewe ni zirikoni, ambayo inapoumbika katika volkano hupokea urani na kukataa risasi, hivyo risasi utakayoikuta ndani yake imetokana na urani. Maabara huzichoma chembe hizo kwa joto kali na kuziosha kwa asidi ili kuondoa sehemu zilizovuja, kisha hupima kilichobaki.

Lakini tazama sharti lake: panahitajika majivu ya volkano. Mashapo ya kawaida, yaani mchanga na matope yaliyotua, hayapimiki hivi, kwa kuwa chembe zake zimesombwa kutoka kwenye miamba ya zamani zaidi, na ukizipima unapata umri wa mlima uliomomonyoka, si umri wa tabaka. Meishan ina bahati, kwa sababu tabaka la 25 lenyewe ni majivu yaliyogeuka udongo na tabaka la 28 lina majivu pia. Hata hiyo milioni 251.902 ya mpaka haikupimwa kwenye mpaka. Imekadiriwa kutokana na majivu ya chini na ya juu yake. Kwa hiyo ile miaka 39,000 ya #1 ipokelewe kwa tahadhari: kila kipimo kina ukungu wake wa makumi ya maelfu ya miaka, na ukungu huo ni mkubwa karibu sawa na tofauti yenyewe.

#7 Bi_Mashapo

Masahihisho kwa #2: msumari wa kwanza haukuwa wa Kambria. Ulikuwa wa mpaka wa Siluria na Devonia, mahali paitwapo Klonk, katika nchi iliyokuwa Czechoslovakia, mwaka 1972, na alama yake ni graptolaiti (kiumbe mdogo wa kale wa baharini) aitwaye Monograptus uniformis. Ule wa Kambria ulikuja mwaka 1992.

Na si bahati kwamba walianza kwa kutafuta nukta moja ya kukubaliana. Walikuwa wamechoka kugombana. Katika miaka ya 1830 mwanajiolojia Sedgwick aliipa miamba ya zamani ya Wales jina la Kambria akianzia chini kwenda juu, huku rafiki yake Murchison akiipa jina la Siluria akianzia juu kwenda chini, na walipokutana katikati kila mmoja akadai kwamba matabaka yale ni yake. Urafiki ukavunjika na haukurudi. Mpaka mwaka 1879 ndipo Lapworth alipolikata lile eneo la ugomvi na kulifanya kipindi chake chenyewe, Ordovisia. Kipindi kizima cha dunia kilizaliwa kutokana na watu wawili kuelezea vipindi vyao kwa katikati bila kutaja vinapoanzia. Msumari wa chini ndio dawa ya ugonjwa huo.

#8 Nyundo_na_Lenzi

Nakubali sahihisho, Bi Mashapo, shukrani. Nilijua hutaondoka humu bila kutupitisha Wales.

#9 Kiini_cha_Kisima

Naomba kumpinga #3 kidogo, kwa sababu katika kazi yangu mambo ni kinyume kabisa.

Kwa miaka mingi nimesoma visukuku vidogo, hasa foraminifera (viumbe wadogo sana wa baharini wenye magamba), kwenye visima vya mafuta. Kisima huchimbwa kutoka juu kwenda chini, na tunachopokea si ukuta wa miamba bali vipande vilivyosagwa ambavyo matope ya kuchimbia huvipandisha. Kuta za kisima hubomoka, na vipande vya juu huporomoka na kuchanganyika na vya chini. Kwa hiyo spishi yoyote inayoanza kuonekana kadiri tunavyoshuka itaendelea kuonekana hata tukiwa tumepita mahali ilipoanzia kuishi, kwa sababu vipande vyake vinaendelea kudondoka. Mwanzo wa spishi hatuwezi kuuamini. Tunachoamini ni mwisho wake katika wakati, ambao kwetu ndio mahali tunapokutana nayo kwa mara ya kwanza tukishuka.

Hili nilijifunza kwa gharama. Wakati mmoja niliandika katika taarifa kina ambapo spishi fulani ilianzia, na wengine wakapanga kazi yao kwa kukitegemea. Baadaye sehemu ile ilikatwa kiini kizima cha mwamba, na spishi ikaonekana imeanzia juu sana ya mahali nilipoandika. Nilikuwa nimehesabu vipande vilivyoporomoka. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kwamba kutoweka kwa spishi hakufai kuwa alama ya wakati, humwomba aje asome nami kisima kimoja.

#10 Konodonti_27

Hoja yako naiheshimu, na kwa visima uko sahihi. Lakini msumari haupigiliwi kwenye vipande vya kisima. Unapigiliwa kwenye miamba iliyo wazi, ambako mtu anaweza kupanda na kushuka na kuokota mwenyewe, tabaka kwa tabaka.

#11 Mwanafunzi_wa_Matabaka

Wakuu, nashukuru, ila naona hoja ya #3 ni msumeno, inakata mbele na nyuma. Ikiwa kisukuku cha mwisho si cha mnyama wa mwisho, basi kisukuku cha kwanza nacho si cha mnyama wa kwanza. Hindeodus parvus naye lazima alianza kuishi mahali fulani kabla ya kuenea, na akafika Meishan siku moja na kwingineko siku nyingine. Mmeukimbia mpaka unaotambaa mkaingia kwenye mwingine unaotambaa vilevile.

#12 Bi_Mashapo

Hilo ni kweli, na si nadharia tu. Mwanzo wa Kambria umewekwa Fortune Head, Newfoundland, mahali palipoonekana kwa mara ya kwanza nyayo za mnyama aliyechimba mashimo yenye matawi, Treptichnus pedum. Baadaye, watafiti waliporudi kwenye mwamba uleule, walikuta mashimo ya aina hiyohiyo mita 4 hivi chini ya msumari.

Basi msumari ukahamishwa? Haukuhamishwa. Hapa ndipo penye jibu la dai lako la kwanza, kwa maoni yangu. Kisukuku ndicho kilichotusaidia kuchagua nukta, lakini nukta ikishachaguliwa, nukta ndiyo ufafanuzi. Kisukuku kinabaki kuwa shahidi mmojawapo, na shahidi anaweza kukosea bila mpaka kusogea. Umri nao ni shahidi tu: vitabu vya zamani viliandika kwamba Kambria ilianza miaka milioni 570 iliyopita, vikaja vya milioni 544, kisha 542, 541, na sasa 538.8, ilhali tangu mwaka 1992 mwamba wa Fortune Head haujasogea hata unywele.

#13 Mwalimu_wa_Jioni

Afadhali umetaja namba, maana wanafunzi wangu waliniweka pagumu. Mmoja alileta kitabu kilichoandika kwamba dinosaria walitoweka miaka milioni 65 iliyopita, wa pili akaleta cha 65.5, wa tatu cha 66. Waliniuliza ni kitabu gani chenye makosa, nami nikawajibu kwamba ni kukadiria tu. Jibu hilo halikuniridhisha mimi mwenyewe, sembuse wao. Naomba mnisaidie.

#14 Zirikoni

Mwalimu, hakuna kitabu kilichokosea kwa wakati wake. Tofauti ya 65.5 na 66 ina sababu inayojulikana. Njia ya argoni, inayotegemea potasi-40 kuoza, haitoi umri moja kwa moja. Hulinganisha sampuli yako na madini ya kipimo yenye umri unaodhaniwa kujulikana, na madini yaliyotumika sana ni ya majivu ya Fish Canyon, Colorado. Kwa muda mrefu majivu hayo yalipewa umri wa miaka milioni 28.02. Mwaka 2008 yalipimwa upya kwa kulinganisha na saa nyingine kabisa, ile ya mizunguko ya dunia angani, yakawa milioni 28.201. Kipimo cha msingi kikisogea, kila umri uliojengwa juu yake husogea kwa uwiano uleule, na ukiifanya hesabu utaona 65.5 inaikaribia 66.

Hiyo saa ya angani inastahili neno. Umbo la mzunguko wa dunia kulizunguka jua hubadilika kwa mpigo wa miaka 405,000, kwa mvuto wa Zuhura na Mshtarii, na mpigo huo umekuwa thabiti kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Tabianchi huufuata, na mashapo huufuata tabianchi, kwa hiyo katika miamba mingi ya baharini unaona matabaka ya chokaa na ya udongo yakipokezana kama pumzi. Ukiyahesabu, unapata urefu wa muda hata pale ambapo hapakuanguka majivu.

#15 Mwalimu_wa_Jioni

Hilo nitawapelekea Jumatatu, pamoja na hesabu. Shukrani.

#16 Nyundo_na_Lenzi

Nirudi kwa #11, kwa sababu naona tunavilaumu visukuku bila kusema kwamba miamba yenyewe ni mashahidi wabaya zaidi. Nilipokuwa mwanafunzi nilitumwa kuchora ramani ya bonde, na upande mmoja nilikuta chokaa ya kijivu yenye mishipa myeupe, na ng'ambo ya bonde nikakuta chokaa ya kijivu yenye mishipa myeupe. Nikaziunganisha kwa mstari mmoja nikiwa na uhakika kamili. Mkufunzi akachukua sampuli mbili akaziyeyusha kwa asidi, zikatoa konodonti za vipindi viwili tofauti. Chokaa mbili zilizofanana kama mapacha zilitengana kwa makumi ya mamilioni ya miaka.

Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo tabaka ni moja kweli, unaweza kulifuata kwa mguu bila kukatika, na bado umri wake unabadilika njiani. Mfano unaofundishwa sana ni Grand Canyon: bahari ya Kambria ilisonga ikitoka magharibi kwenda mashariki, ikitandika mchanga ufukweni na udongo kwenye maji ya mbali na ufuo, na kwa hiyo udongo uitwao Bright Angel ni wa zamani zaidi magharibi kuliko mashariki. McKee aliyaeleza haya mwaka 1945 kwa kutumia trilobaiti (wanyama wa kale wa baharini wenye magamba ya pingili). Anayefuata rangi ya mwamba anafuata ufuo wa bahari ukitembea, hafuati wakati.

#17 Dira_ya_Kale

Nimesoma yote, na ninaona kuna swali ambalo mnalizunguka bila kuliingia. Mnasema miamba miwili ni ya wakati mmoja kwa kuwa ina kisukuku kimoja. Mnasema pia kisukuku hicho ni kipimo kizuri cha wakati kwa kuwa kinapatikana katika miamba ya wakati mmoja. Huo si mduara?

Wala si mimi wa kwanza kuuliza. Mwaka 1862 mwanabiolojia Huxley aliwaambia wanajiolojia wa London kwamba kufanana kwa mfuatano wa visukuku kunathibitisha kufanana kwa mfuatano tu, na si kutokea kwa wakati mmoja. Alisema kwamba, kwa ushahidi waliokuwa nao, hakuna kilichowazuia wanyama wa Devonia wa Uingereza kuwa waliishi wakati mmoja na wanyama wa Siluria wa Amerika Kaskazini. Nani amemjibu?

#18 Zirikoni

Majivu yamemjibu. Mlipuko mmoja wa volkano huangusha majivu kwa siku au wiki juu ya eneo kubwa, na majivu hayo hayajali kama chini yake kuna bahari au ziwa. Pale majivu yanapokuwa chini na juu ya kisukuku katika mabara mawili, tunapima bila kumuuliza kisukuku lolote, na vipindi vikubwa vimeonekana kulingana. Devonia ya huku ni Devonia ya kule.

#19 Bi_Mashapo

Vipindi vikubwa, ndiyo. Ila Huxley hajajibiwa kwa kila kanda ndogo ya visukuku, na ni vema tuseme hivyo. Oppel, alipoigawa Jura katika kanda za amonaiti kati ya mwaka 1856 na 1858, alifanya jambo la busara: hakutegemea spishi moja, alitazama kundi la spishi pamoja, kuanza kwa hizi na kukoma kwa zile. Spishi moja inaweza kuchelewa kufika. Si rahisi kumi zichelewe kwa mpangilio uleule. Mwaka 1964 Shaw aliligeuza wazo hilo kuwa mchoro: ukuta mmoja wa miamba kwenye mhimili wa chini, wa pili kwenye mhimili wa wima, kila kuanza na kila kukoma kwa spishi kukawa nukta. Nukta nyingi zikijipanga, una mstari wa kuoanisha, na zile zilizokaa mbali na mstari ndizo zilizochelewa au kuwahi. Kwa hiyo Kiini na Konodonti wanaweza kutulia, mchoro huo unatumia vyote viwili.

#20 Mpima_Sumaku

Mmelisahau jibu jingine kwa Dira. Ncha za sumaku za dunia zimegeuka mara nyingi, na zinapogeuka hugeuka kwa dunia nzima, katika milenia chache tu. Chembe za chuma zilizotua katika mashapo ya wakati huo hujipanga kwa kuufuata uga, iwe ni baharini, ziwani au katika lava. Kugeuka kwa mwisho kulitokea miaka takribani 774,000 iliyopita, na mwaka 2020 msumari wa hatua ya Chiba (sehemu ndogo ya kipindi) uliidhinishwa nchini Japani mahali ambapo mgeuko huo umehifadhiwa. Nukta yenyewe iko kwenye tabaka la majivu yaitwayo Byakubi, karibu mita moja chini ya mgeuko. Tazama, hata hapo hawakuweka msumari kwenye tukio lenyewe. Waliuweka kwenye mstari unaoonekana kwa macho, wakaliacha tukio liwe mwongozo wa walio mbali.

#21 Mwanafunzi_wa_Matabaka

Mkuu, mfano huo umenigusa, kwa sababu unafanana na Meishan. Lakini naomba mnijibu kuhusu El Kef, Tunisia. Pale mwanzo wa Paleojeni, kipindi kilichofuata kutoweka kwa dinosaria, umewekwa hasa kwenye udongo wenye iridiamu (metali adimu ardhini), sakafu ya tabaka lililoachwa na kimondo. Huo ni mpaka uliowekwa kwenye tukio. Na mwanzo wa Iosini umewekwa Dababiya, Misri, pale isotopu za kaboni (uwiano wa kaboni nzito na nyepesi) zinapoporomoka ghafla. Na mwanzo wa Ediakara huko Flinders, Australia Kusini, uko kwenye sakafu ya chokaa iliyotandikwa barafu kuu ilipoyeyuka, bila kisukuku. Iweje hao waruhusiwe na Permia inyimwe?

#22 Nyundo_na_Lenzi

Nadhani ni kwa sababu matukio hayo yaliacha alama ya kikemia inayofika kila mahali, ilhali maangamizi ya Permia hayana vumbi lake.

#23 Konodonti_27

Hapana, mkuu, isotopu za kaboni ziliporomoka Meishan pia, na mporomoko huo umeonekana katika mabara mengi. Ugumu ni kwamba haukuwa pigo moja, umbo lake hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, na hapakuwa na makubaliano ni sehemu ipi ya mteremko ihesabiwe. Mimi nasimama kwenye sababu ya mazoea: Triasi ilikuwa imetambuliwa kwa kuanza kwa wanyama wapya kwa zaidi ya miaka mia, na tume ilichagua mnyama mpya.

#24 Zirikoni

Mimi naona ilikuwa busara zaidi ya mazoea. Leo swali kubwa ni kama lava za Siberia ndizo zilizosababisha maangamizi yale, na jibu linategemea nani alitangulia, lava au vifo. Ukiwa na nukta isiyobeba maelezo ya chanzo, unaweza kupima lava upande mmoja na vifo upande mwingine dhidi ya nukta hiyo. Ukiufanya mpaka kuwa vifo vyenyewe, umeingiza jibu ndani ya rula.

#25 Dira_ya_Kale

Basi tufute visukuku vyote tuweke namba kamili, kama ilivyofanywa kwa sehemu kubwa ya wakati kabla ya Kambria. Arkea inakoma miaka milioni 2,500 iliyopita, na hakuna anayegombana kuhusu mnyama gani alifika lini.

#26 Bi_Mashapo

Hawagombani kwa sababu hawana cha kuonyesha. Simama mbele ya mwamba wa zamani hizo, usio na majivu, uniambie milioni 2,500 iko kwenye mstari gani. Namba kamili ni mpaka usio na mahali, na wapo wataalamu wengi wanaotaka hata zama hizo zipatiwe misumari, kama Ediakara ilivyopatiwa mwaka 2004.

#27 Msomaji_Kimya

Je, ile habari ya Anthroposini, yaani wakati mpya uliopendekezwa kutokana na athari za binadamu, imefikia wapi? Nayo si swali lilelile?

#28 Nyundo_na_Lenzi

Mwezi Machi 2024 pendekezo lilikataliwa kwa kura, ingawa matope ya ziwa Crawford, Kanada, yalikuwa yamependekezwa kubeba msumari. Neno linaendelea kutumika, lakini kwa sasa si sehemu ya kipimo rasmi, na bado tumo katika Holosini. Uzi wake ufunguliwe peke yake, tafadhali, maana huu utazama.

#29 Kiini_cha_Kisima

Kabla hatujatawanyika, Mwanafunzi atazame chati rasmi, mahali Jura inapokutana na Kretasia. Kati ya mipaka ya vipindi vyote tangu Kambria, huo ndio pekee usio na alama ya msumari. Amonaiti wa bahari za kaskazini hawakuwa wale wa bahari za kusini, hakuna maangamizi makubwa, hakuna iridiamu. Kikundi cha wataalamu kiliwahi kupendekeza kiumbe mdogo aitwaye Calpionella alpina, ambaye nimemwona mara nyingi, lakini alipenda maji ya joto tu. Mtu wa kaskazini afanye nini?

#30 Mpima_Sumaku

Atumie sumaku, kwa kuwa migeuko inapita kaskazini na kusini bila kujali joto la maji. Tatizo ni kwamba mgeuko mmoja unafanana na mwingine kabisa. Kila mmoja ni kaskazini iliyokuwa kusini, au kusini iliyokuwa kaskazini, na ukikuta mmoja peke yake hujui ni wa ngapi mpaka upate kitu kingine cha kukupa mahali pa kuanzia kuhesabu.

#31 Mwanafunzi_wa_Matabaka

Na kitu hicho huwa ni kisukuku?

#32 Mpima_Sumaku

Mara nyingi, ndiyo. Kwa Jura na Kretasia, ni yuleyule Calpionella ambaye mtu wa kaskazini hana.